Unyoya Chini ya Mlimau wa Apua

Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, na sehemu kubwa ya uongo huo ilifanya kazi nzuri. Zamani niliwaambia watu wa Lodwar kwamba nilinyonyeshwa na ngamia, ndiyo sababu naweza kukaa siku mbili bila kunywa kitu, na mpaka leo kuna mama mmoja sokoni hanikaribishi chai kwa ajili hiyo. Hilo nimelizoea. Lakini kuna uongo mmoja niliusema nikiwa bado mama mchanga, nikauacha kando ya mto, nikaenda zangu. Mwaka huu, miaka thelathini na kitu baadaye, uongo huo ulinipigia simu.

Sauti ilikuwa ya Ewoi, mtoto wa rafiki yangu Apua. Ewoi ana duka Kakuma, upande wa kambi ya wakimbizi, yeye na mke wake Nyibol, msichana wa kutoka Sudan Kusini, mrefu hata kivuli chake kikipita juu ya kuku, wanadhani jioni imefika na wanaenda kulala.

"Ata," akaniambia, maana kwetu ndivyo bibi anavyoitwa, "mama anakuwa kipofu."

"Nani amesema?"

"Daktari. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wiki ijayo madaktari wa macho wanakuja hapa Kakuma, wanakaa siku tano peke yake. Wanatoa hiyo kitu, mtu anaona. Nimeandikisha jina lake, na yeye amekataa kutoka Nasinyono. Daktari anasema akingoja sana, jicho moja litakufa kabisa."

"Anaogopa?"

"Mama yangu aogope nini? Anasema hawezi kuacha shimo. Anasema analinda dhahabu yako."

Nilikuwa nasuka kikapu. Ukuti ulinitoka mkononi, na kikapu kile mpaka leo kina mstari mmoja uliopinda.

"Ata, uko?"

"Niko."

"Hiyo dhahabu, ni kweli iko?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

*

Nasinyono iko mbele ya Lorugum, ukifuata mto Turkwel mahali unapotoka kwenye vilima. Ukienda leo utaona mji mdogo wa matunda. Mapapai yamepangwa barabarani juu ya magunia, matikiti yanalala kwenye mchanga kama mbuzi walioshiba, ndizi zimesimama kando ya mitaro ya maji, na malimau ya huko ndiyo yanayominywa juu ya samaki wa Kalokol hapa Lodwar. Watoto wa siku hizi wanadhani mahali pale palizaliwa na mapapai. Sisi tuliolala pale kwenye vibanda vya ngozi tunajua palizaliwa na dhahabu.

Dhahabu ilikuwa nyingi wakati huo. Mbuzi waliokula majani ya ukingoni meno yao yalimetameta, na beberu wangu mmoja alikuwa hafungi mdomo kwa maringo. Mimi mwenyewe niliokota kipande kikubwa kama jino la ngamia, nikakiweka juu ya jiwe nifunge nguo yangu vizuri, mamba akakimeza. Mamba huyo aliishi mpaka uzee wake akiinamisha kichwa kwa uzito.

Apua alifika pale mwaka wa njaa, akitoka upande wa Loima na mbuzi mmoja na Ewoi mgongoni. Mume wake alikuwa amekufa kwa homa, na mifugo ilikuwa imekwenda na ukame. Hakujua kazi. Alikaa kando ya shimo langu siku nzima akitazama mikono yangu, na jioni akaniambia, "Wewe unatikisa kama mtu anayefukuza nzi. Dhahabu yote inarudi mtoni."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikampa karai, nione. Alilizungusha polepole, maji yakatoka, mchanga mweupe ukatoka, mchanga mweusi ukabaki, na pembeni mwa ule mweusi ukakaa mstari mwembamba wa njano. Ewoi alikuwa amelala mgongoni, hata hakuamka.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na karai moja na shimo moja. Mimi nilichimba, yeye alitikisa. Unga wa dhahabu tuliutia ndani ya bomba la unyoya wa mbuni, tukaziba kwa nta, nikauchomeka kwenye nywele zangu, mahali ambapo mwizi angeweza kufika akiwa tayari kupoteza vidole. Mnunuzi akija, alipima kwa mizani yake ya vifuniko viwili vya soda: upande mmoja dhahabu, upande wa pili vijiti vya kiberiti. Alikuwa na tabia ya kulamba vijiti ili viwe vizito. Apua alikaa mbele yake akiwa na mfuko wa vijiti vyake vilivyokauka juani, akisema kwa upole, "Baba, tumia hivi. Hivyo vyako vimelia."

Asubuhi mahali pale palikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena popote: makarai mia moja yakizunguka kwa pamoja, shaa, shaa, shaa, na wanawake wakizungumza juu yake bila kuinua vichwa. Nikilala vibaya Lodwar, naisikia. Nikiamka ni mtu anafagia uwanja.

Mashimo yalikuwa na sheria zake, na sheria hizo hazikuhitaji chifu. Mwenye shimo alilaza fimbo mdomoni mwa shimo lake, na hakuna aliyeruka fimbo. Ukisafiri, unampa mtu fimbo mkononi, naye analinda. Aliyeshika fimbo haruhusiwi kuchimba, na akionekana amechimba, anamchotea maji mwenye shimo mpaka mwenye shimo mwenyewe aseme inatosha. Na shimo lililoachwa tupu ni la yule atakayetia kitu ndani yake. Hizo tu. Ukizielewa hizo umeelewa hadithi yote.

Dhahabu ilikonda kama mtu mgonjwa, kidogo kidogo, kila mtu akijifanya haoni. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa, wanaume wengi walikwenda kutafuta kazi huko. Mume wangu akapata kazi ya kulinda ghala Lodwar. Siku ya kuondoka kwangu Apua aliingia ndani ya shimo letu akakaa chini, akajifunika shuka. Hakuwa mtu wa kulia, na sikujua la kufanya na mtu ambaye si wa kulia na analia.

Nikainama mdomoni mwa shimo nikamwambia, "Sikiza. Hapo ulipokaa, chini yako, nimefukia unyoya umejaa mpaka juu. Sikukuambia kwa sababu una roho nzuri, ungewaambia watu. Nitaurudia. Shika fimbo."

Akanyamaza. Akatoa mkono nje ya shuka, nikatia fimbo ndani ya mkono huo, nikaenda. Njia nzima mpaka Lorugum nilijisifu jinsi nilivyomnyamazisha.

Nilirudi mara mbili, tatu, kwa mazishi na harusi. Kila mara nilikuta fimbo iko mahali pake na sikuuliza, naye hakusema. Kisha magoti yangu yakaanza kunikataza safari.

*

Kijana wa pikipiki alinifikisha Nasinyono saa tano. Apua alikuwa amekaa chini ya mlimau mkubwa akipanga mapapai kwa kuyagusa: yaliyoiva kulia, mabichi kushoto. Macho yake yalikuwa na weupe kama uji.

"Ejok, Akidor," akanisalimu kabla sijafungua mdomo.

"Ejok. Umenionaje?"

"Sikukuona. Hakuna mwanamke mwingine anayevuta tumbaku ya aina hiyo. Kaa. Angalia miiba."

Kila mti pale ni wa shimo, na kila mti una jina la aliyechimba shimo hilo. Hiyo ni kazi ya Apua. Baada ya sisi wote kuondoka yeye alibaki, hakuwa na mahali pa kwenda. Mvua moja mashimo yalijaa maji yakakaa mwezi mzima bila kukauka. Katika shimo moja, mahali mnunuzi wetu alipokuwa akitema mbegu za papai alilobeba kutoka Kitale, yakaota majani. Apua aliyatazama kama alivyotazama mikono yangu siku ile ya kwanza. Akatia mbolea ya mbuzi. Mwaka uliofuata alitia mbegu katika shimo la pili, na la tatu, akiacha fimbo za watu pale pale. Alipowauzia watu mapapai alisema, "Hili ni la Ethuro. Hili ni la Helen." Ethuro alikuwa amekufa zamani, Helen alikuwa ameolewa Kerio kwa wavuvi. Watu wakaja kuomba mbegu, wakakaa. Ndivyo mji ulivyorudi.

Na katika shimo letu alipanda mlimau.

"Kwa nini mlimau?" nilimuuliza.

"Una miiba. Mtu akitaka kuchimba, atoe damu kwanza."

Nikaona hakuna njia ya kuzunguka. Nilikuwa nimejitayarishia maneno matamu tangu Lorugum, yote yakanitoroka.

"Apua, hakuna dhahabu hapo."

Akaendelea kugusa mapapai.

"Nilikudanganya. Ulikuwa unalia, nikasema kitu. Hakuna unyoya. Hakujawahi kuwa na unyoya. Nenda Kakuma watengeneze macho."

"Ewoi amekutuma."

"Amenipigia simu, lakini..."

"Na ukija hapa miaka yote hukusema. Leo naambiwa niondoke, leo dhahabu haiko." Akacheka puani. "Unataka nikienda Kakuma wewe uchimbe peke yako."

"Nakuapia."

"Uliapa pia kuhusu mamba."

"Mamba ni kweli."

"Unaona."

Nilibishana naye mpaka jua likageuka. Hilo ni jambo la ajabu kwa mtu wa kazi yangu: maisha yangu yote nimesema mambo yasiyokuwepo na nimeaminiwa, na siku moja niliyosema kweli hakuna aliyeichukua, hata bure. Ewoi alipiga simu mara tatu. Mara ya mwisho nilimsikia Nyibol akisema nyuma yake, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mwambie mama kitanda iko tayari, na watoto nimewafukuza kwa jirani." Siku tatu zilikuwa zimebaki madaktari waondoke.

Apua aliosha mikono, akaifuta kwa nguo yake.

"Sikiza, Akidor. Shimo ni lako, ulinipa fimbo. Mimi nakurudishia fimbo, wewe unalinda mpaka nirudi. Ukitoka hata kwenda Lorugum kununua tumbaku, nitajua."

"Nilinde shimo tupu?"

"Kama ni tupu halitakusumbua."

Alinipa fimbo mkononi, ile ile, imeng'aa kwa kushikwa. Ewoi alikuja kesho yake asubuhi na gari la rafiki yake. Apua alipanda akiwa amevaa shanga zake zote, kama anayekwenda harusini, na mkono wake ulishika mlango wa gari kwa nguvu ambayo sikuielewa siku hiyo.

*

Siku ya kwanza nililinda vizuri. Nilifukuza mbuzi, nikauza mapapai, nikawasimulia watoto habari za mamba.

Siku ya pili niliutazama mlimau. Nikaanza kujiuliza kwa nini ni mkubwa kuliko milimau mingine yote ya mji. Nikakumbuka siku ile ya kuondoka, mimi nimeinama, Apua chini, na nikashindwa kukumbuka vizuri nilikuwa nimefanya nini usiku wa kabla yake. Tulikuwa na unyoya mmoja karibu ujae. Uliishia wapi? Tuliuuza? Nilimwona mnunuzi akiupokea, au nilisimulia tu kwamba nilimwona?

Siku ya tatu nilikuwa naamini kabisa. Nacheka sasa, lakini msinicheke sana. Mtu akikalia uongo wake mwenyewe siku tatu kwenye joto la Turkana, uongo unaangua vifaranga.

Nilisubiri watu waende kanisani. Nikaweka fimbo pembeni, taratibu, kama vile ingeweza kusema. Nikaingia chini ya miiba kwa tumbo. Nilichimba kwa mikono na kwa kipande cha chungu, upande ambao mizizi ilikuwa imeachana, na mikono ilikumbuka kazi yenyewe bila kuniuliza. Nilifika kiwiko. Kucha zangu zikagusa bati.

Lilikuwa karai letu. Limelala kifudifudi, limekula kutu mpaka kuwa kama jani, na mzizi mnene wa mlimau umepita katikati yake.

Nilikaa pale kwenye vumbi nikilishika ukingoni. Siku niliyoondoka karai hilo lilikuwa mkononi mwa Apua. Mzizi umepita ndani yake, kwa hiyo liliwekwa kabla ya mti. Basi aliyeliweka alikuwa amechimba mpaka chini, alikuwa amekuta mchanga mtupu, na ndipo akapanda mlimau. Apua alijua. Alijua kabla Ewoi hajaota meno ya pili.

Nilifukia. Nilipiga udongo kwa viganja, nikamwaga majani makavu juu, nikajiambia kwamba mtu mwenye bandeji hataona kitu.

*

Alirudi siku ya tano. Walikuwa wamelitengeneza jicho la kulia. La kushoto litafanywa madaktari wakija tena. Alivaa miwani myeusi mikubwa kama ya dereva wa lori, na alitembea bila kushikwa. Ewoi alikuwa nyuma akibeba mfuko wa Nyibol wa samli na sukari, akitabasamu mwenyewe.

Apua alisimama mbele yangu, akavua miwani.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni mimi."

"Akidor alikuwa na meno."

Kisha akanipita, akaenda mti kwa mti. Alikuwa akiita majina, Ethuro, Helen, Adome, na kila mti aliuangalia kuanzia chini mpaka juu kama mtu anayesalimia watoto waliokua akiwa safarini. Ewoi alitaka kumfuata nikamshika shati. Alipofika kwenye mlimau alisimama. Akainama.

"Umechimba."

"Ni mbuzi."

"Mbuzi amepiga udongo kwa viganja?"

Nikamwambia Ewoi aende akatuwekee chai. Alipokwenda nilimuuliza Apua, "Ulijua lini?"

"Wiki ile ile uliyoondoka. Nilingoja siku nne. Nne ni nyingi." Alikaa chini, akajifuta chini ya jicho lile lililotengenezwa kwa ncha ya nguo, polepole, kama alivyoagizwa. "Nilichimba mpaka kwenye mwamba. Nikakutukana. Kisha nikatia karai, nikafukia. Sikuwa na wa kutikisa naye."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Na ilinisaidia. Watu walipokuja kutaka kiwanja nilisema, hili shimo lina mwenyewe, kuna kitu chake ndani, fimbo hii hapa. Wazee wakawaambia ni kweli, ni sheria ya mashimo. Hakuna aliyegusa. Miti yote imekaa nyuma ya huo uongo wako."

"Basi Kakuma ulikatalia nini? Ulinifanya niape mpaka koo likakauka."

 Alichukua limau lililoanguka, akalichunguza rangi, akaligeuza.

"Walisema wanaingiza kisu ndani ya jicho," akasema. "Unaona kisu kinakuja, na huruhusiwi kufumba. Mimi nimezaa peke yangu kichakani, nimezika mume, na Ewoi anaambia kila mtu mama yake haogopi kitu. Ningemwambia nini? Nikasema dhahabu." Akaangalia upande wa jiko. "Halafu ukaja. Nikafikiri, Akidor ameketi kwenye joto kwa ajili ya unyoya ambao haupo. Nami nitalala chini ya hicho kisu. Tukawa sawa."

"Kiliuma?"

"Hata kidogo. Nimejiona mjinga."

Tulicheka mpaka Ewoi akatoa kichwa jikoni. Apua alivaa miwani yake tena, akachukua fimbo, akaigonga gonga chini mbele ya miguu yangu.

"Sasa. Aliyeshika fimbo akachimba."

"Shimo ni langu," nikamwambia. "Siwezi kujichotea adhabu mwenyewe."

"Uliniambia mwenyewe hukuweka kitu. Umeapa, tena mara nyingi. Shimo tupu ni la nani?"

Nikautazama mlimau. Ndani ya shimo kulikuwa na karai aliloliweka yeye na mti alioupanda yeye.

Kwa hiyo nachota maji. Asubuhi madumu mawili ya mlimau, jioni mawili ya papai la Ethuro, na magoti yangu yaliyokataa safari hayajapewa nafasi ya kusema kitu. Watu wa Lodwar wakipiga simu nawaambia nimezuiliwa na ndugu wa yule mamba, wanaodai jino la ngamia. Madaktari wanatarajiwa tena baada ya mvua, kwa jicho la kushoto, na safari hii amesema atakwenda mwenyewe bila maneno. Jana nilimuuliza kama bado haijatosha. Alivua miwani, akaliangalia dumu, akaniangalia mimi kwa lile jicho lake jipya, akasema bado analiona limepungua kidogo.